Maoni ya Watazamaji Niliyoyafuta

Jumamosi, saa nane na nusu mchana. Kibomet. Wingu limekaa tangu asubuhi na nepi hazikauki.

Nisameheni kwa kukaa miezi hii yote bila kuandika. Mara ya mwisho nilipofungua ukurasa huu Tabi alikuwa hajajua kukaa. Sasa anashika meza, anasimama, anavuta kitambaa pamoja na kila kitu kilicho juu yake. Meno mawili yametoka na mengine yako njiani, na kila jino linakuja na homa yake. Wale wawili watatu mlioniuliza kama niko salama, niko. Nimechoka tu. Lakini si uchovu ulioninyamazisha wiki hizi mbili za mwisho, na leo nataka kusema ukweli kabla mtoto hajaamka.

Nina wivu.

Nimeandika neno hilo nikalifuta mara tatu. Wacha sasa likae.

Wanaonijua wanajua kuhusu muvi ya Barasa. Kwa wageni: Barasa tulisoma naye darasa moja. Kazi yake ni kupiga picha za harusi na mazishi kati ya Bungoma na hapa Kitale, na siku ambazo hakuna harusi wala mazishi alikuwa akipiga muvi yake mwenyewe, bila kampuni, bila mfadhili, na marafiki tu. Inaitwa Ghala Namba Tisa. Ni ya upelelezi, tena nyeusi na nyeupe kama picha za ukutani kwa nyanya. Taa moja, vivuli virefu, mvua, mwanamume wa kofia asiyecheka. Karani wa ghala la mahindi anapatikana amekufa juu ya magunia. Mjane wake anamwajiri mpelelezi, polisi aliyefutwa kazi, amtafutie muuaji. Mpelelezi anaanza kumpenda mjane, na kadiri anavyompenda ndivyo anavyozidi kuona kwamba aliyefunga mlango wa ghala siku ya kupiga dawa ya dumuzi, wadudu wa mahindi, karani akiwa bado ndani, ni mjane mwenyewe.

Huyo mjane nilikuwa mimi.

Nilifanya mazoezi miezi mitatu. Koti analovaa nililichagua mimi kwenye mitumba ya Kitale, nikalikata mikono mwenyewe. Halafu nikapata mimba ya Tabi, na nikaanza kutapika kila asubuhi, na tumbo likatokea mapema. Barasa alinijia na maneno mazuri. Alisema mjane mwenye mimba ni muvi nyingine kabisa. Nilimwelewa. Nilimwelewa hata nikampendekezea mtu: Nafula, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, anayeuza vitambaa katika duka la familia moja ya Kihindi pale Bungoma mjini. Nilimfundisha kutembea kwa viatu virefu vya mjane. Nilimfundisha kunyamaza kabla ya kujibu. Nilimpa koti.

Kwa hiyo hakuna mtu aliyeninyang'anya kitu. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sina wa kumlaumu.

Muvi ikaisha. Wiki tatu zilizopita Barasa akaamua kuionyesha kwa watu kabla ya kuikata mara ya mwisho, mara moja Bungoma na mara moja Sirisia siku ya soko. Sasa, watu wa kwetu ukishawapa chai na mandazi hawawezi kukuambia ubaya wa kazi yako. Watakusifu mpaka ulie, halafu waseme ukweli wakishavuka daraja. Barasa analijua hilo. Kwa hiyo alibandika karatasi mlangoni: yeyote mwenye maoni ayaseme kwenye simu, atume kwa namba hii. Namba ilikuwa yangu. Mimi nisikilize, niandike, nimpelekee.

"Nataka mtu wa kando," aliniambia. "Mtu ambaye hayuko kwa muvi."

Mtu wa kando. Alisema hivyo akiwa ameketi kwangu, amempakata Tabi, na hakuona kitu usoni mwangu. Nilijisemea kwamba mimi ni mwigizaji mzuri basi.

Ile ya Bungoma nilienda. Ilikuwa ukumbi wa kanisa, mchana, na madirisha yamefunikwa blanketi na nailoni nyeusi ili kupatikane giza. Giza lilipoingia tu Tabi akaanza kulia, kile kilio cha kukaza mgongo. Nikatoka naye. Kwa hiyo muvi yenyewe niliisikia, sikuiona. Nimesimama chini ya ukuta, mtoto begani, nikisikiliza sauti zikipita kwenye blanketi. Nilizijua zote. Nilikuwa nikizisema pamoja nao kimoyomoyo.

Halafu pakawa kimya.

Ukumbi umejaa watu, na hakuna anayekohoa. Nikasikia maji kidogo, kama mtu anaosha chombo. Kimya tena. Hiyo sehemu sikuijua. Haikuwa kwenye karatasi nilizosoma mimi. Ilikaa muda mrefu hivi kwamba hata Tabi aliacha kulia akasikiliza.

Nilijua hapo hapo kwamba kimya hicho kilikuwa cha Nafula, na kwamba kilikuwa kizuri.

Maoni yakaanza kuja jioni ile ile, na wiki ile yote. Nilikuwa nikiyasikiliza nikinyonyesha, simu sikioni, kitabu cha mazoezi gotini. Mengine yalinichekesha peke yangu kama mwendawazimu. Mama mmoja wa Sirisia aliuliza kama mashine ilikuwa imeharibika, mbona rangi haikutoka, na kama itatengenezwa yuko tayari kurudi. Kijana mmoja: "Buda hii kitu ni moto, lakini huyo mpelelezi hana jokes? Ata moja?" Tajiri wake Nafula, ambaye veranda ya duka lake imo ndani ya muvi, alituma ujumbe mrefu kuhusu jinsi kibao cha duka kilivyoonekana vizuri, na akaomba kikae sekunde chache zaidi.

Lakini lalamiko lililokuja kutoka kila upande lilikuwa mazishi.

Barasa aliiga muvi za ng'ambo, mtu anauawa, kisha mpelelezi anaanza kazi. Hapa watu walingoja. Wakangoja. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alizungumza polepole kama anasoma habari: "Nimefuatilia hadithi mpaka mwisho. Huyu karani amezikwa wapi? Ndugu zake wako wapi? Mmemwacha mtu juu ya magunia na mkaenda kuwasha sigara." Mwingine alisema yeye alimjua muuaji mapema sana, kwa sababu siku ya wafiwa kunyoa nywele ilipita na mjane bado ana nywele zake zote kichwani na rangi ya mdomo. "Hapo hata mpelelezi wa nini? Shemeji wangemaliza kesi asubuhi." Na wengi waliuliza inakuwaje nyumba yenye msiba iwe tupu, mjane peke yake jikoni, bila mama hata mmoja wa kuosha sufuria.

Hayo yote niliyaandika. Neno kwa neno.

Ya kikombe sikuyaandika.

Kikombe ndicho kile kimya nilichokisikia nje. Nimeunganisha kutoka kwa maneno ya watu: mpelelezi ameketi mezani, anamuuliza mjane, siku ile ulikuwa wapi? Mjane hajibu. Anageuka, anachukua kikombe cha marehemu, anakiosha. Dakika nne. Tunaona mgongo tu. Hujui kama ni huzuni au ni hatia.

Watu kumi na mmoja walikizungumzia. Wawili hawakukipenda, walisema muvi ilisimama, wakadhani mashine ya Barasa imekwama. Tisa walikipenda. Na mmoja katika hao tisa, mama mzee wa Sirisia aliyerekodiwa na mjukuu wake, namkumbuka mpaka sasa hata kama ningetaka kumsahau. Alisema:

"Wanauliza mbona jikoni hakuna watu. Mimi nilipofiwa watu walijaa mpaka chini ya kitanda. Nyumba ya matanga haina mahali pa kulia. Nililia nikiosha vyombo, mgongo kwa watu, ndio wasinishike shike. Huyo msichana ametuonyesha mgongo. Nani alimwambia hiyo siri?"

Nilisikiliza mara mbili. Nilikuwa nimejifariji miezi yote hiyo kwamba Nafula anaigiza mimi, kwamba wakimpenda yeye wananipenda mimi ndani ya koti langu. Sasa huyu mama ananiambia kwamba wanachokipenda hakikutoka kwangu.

Nikafuta.

Simu yangu ni ndogo, imejaa picha za mtoto, na nilijiambia ninafuta ili kupata nafasi. Nilifuta zote tisa. Wale wawili wasiokipenda nikawaandika vizuri, nikawaweka mwanzoni. Nikamtumia Barasa Jumapili baada ya ibada.

Jumatatu akajibu. Kuna tamasha la filamu linataka muvi isiyozidi dakika tisini, na yake ni tisini na nne. Alikuwa akijiuliza akate wapi. "Asante sana, umenisaidia. Basi kikombe kinatoka chote. Jumatano ijayo natuma."

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Nilimwosha Tabi nikiimba.

Furaha hiyo haikufika Alhamisi.

Alhamisi Nafula alikuja. Alikuwa ameomba ruhusa dukani, akaja na unga wa wimbi wa uji wa mtoto na ndizi, kama kawaida yake, na akamchukua Tabi mgongoni kabla hata hajaketi.

"Mama Tabi, umekonda," akasema. "Huyu anakula wewe?"

"Ananimaliza."

"Wacha nikae naye, wewe lala kidogo."

Sikulala. Nilichuja chai. Akazunguka zunguka na mtoto, akatazama nje, halafu akasema, bila kunitazama, "Barasa ameniambia kikombe kinatoka. Ati watu hawakukipenda."

Nikasema, "Kuna waliosema ni kirefu."

"Si ni ukweli tu nataka. Wewe ndiye mwalimu wangu. Nilikosea wapi?"

Nikajishughulisha na sukari.

Akacheka. "Afadhali ata. Unajua siku hiyo sikuwa naigiza? Sijaambia mtu. Yule aliyekuwa akitupikia alinijazia karai maji ya chai, yanachemka, akadhani nayataka ya kupika. Nikaingiza mkono. Nikasema nikitoa, Barasa atalia, maana jua lilikuwa linapotea na ilikuwa siku ya mwisho ya ile nyumba. Sasa nikageuka wasinione uso. Nikaosha hicho kikombe, nikaosha, nangoja aseme kata. Hasemi. Bana, nilikuwa nahesabu matofali ya ukuta."

Akanionyesha mkono. Kuna ngozi mpya pale juu ya kidole gumba, nyororo, rangi yake bado haijarudi. Nilikuwa nimeiona mara nyingi wakati nikiwa mjamzito. Nilidhani ni pasi.

Mimi ningetoa mkono.

Nimelifikiria hili tangu Alhamisi, nikipika, nikifua, na jibu halibadiliki. Ningetoa mkono, nipige kelele, niombe maji baridi, na watu wangenihurumia, na zile dakika nne zisingekuwepo duniani. Sikumpa Nafula nafasi yangu, kwa hiyo. Nafasi ile ilikuwa ya mtu ambaye hatatoa mkono. Nimeandika sentensi hiyo na bado nina wivu. Sijui kama unaisha kwa kuandikwa. Nadhani sasa ni mbaya zaidi, kwa sababu zamani nilimwonea wivu wa bahati, na leo namwonea wivu wa moyo.

Aliondoka saa kumi kuwahi gari. Sikumwambia. Nilimfungia parachichi kwenye gazeti, nikamwambia salimia nyumbani.

Baba Tabi alirudi kutoka Cheptais na vitunguu vyake, nikamweleza yote nikimwekea maji ya kuoga. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sasa mbona unaambia mimi? Mimi nanunua vitunguu. Mwambie mwenye muvi."

"Ataniona mtu mbaya."

"Si umefanya vibaya? Aone." Halafu akachukua ndoo, na akiwa mlangoni akageuka. "Lakini ungekuwa mjane mzuri. Mimi nakuogopa ata sasa."

Nikacheka nikilia. Ndivyo alivyo.

Jana nilimpigia Barasa. Sikuzunguka. Nilimwambia kulikuwa na maoni tisa nikayafuta kwa sababu yalimsifu Nafula. Nikasikia mashine ya kuchapisha picha ikilia nyuma yake.

"Mama Tabi, mimi nilikuamini," akasema.

"Najua."

"Nilikuwa nimeshakata. Nilikuwa nimeshaunganisha."

"Rudisha."

"Nirudishe kwa maneno yako? Jana uliniambia hivi, leo vile. Nitajuaje hii si huruma? Nafula ni rafiki yako." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hasira ingekuwa rahisi. "Niletee sauti zenyewe. Nizisikie na masikio yangu. Ukiniletea kufikia Jumanne jioni nitakata kwingine. Zisipofika, kikombe kimetoka, na mimi sitaki kusikia tena."

Ni haki yake. Hata mimi singejiamini.

Shida ni kwamba zimefutika na namba za watu zimeenda nazo. Karatasi ya mlangoni iliwaambia watume kwa mtu wasiyemjua, wakatuma, wakaendelea na maisha yao. Lakini aliyetuma bado anayo kwenye simu yake, kama hajafuta. Ndiyo maana naandika hapa na si kwenye daftari. Najua baadhi yenu mlikuwa pale Bungoma. Najua kuna mtu wa Sirisia anayesoma ukurasa huu, kwa sababu aliwahi kuniuliza dawa ya tumbo la mtoto.

Na Nafula naye anasoma. Sikutaka alijue hili kwa kusoma, kwa hiyo asubuhi hii, duka likiwa ndio linafunguliwa, nilimpigia nikamwambia. Yote, mpaka ile ya kuimba nikimwosha mtoto. Nilitaka anitukane. Akasema, "Sawa. Nimepata mteja." Akakata.

Hajapiga tena. Nimetazama simu mara nyingi kuliko nilivyomtazama mtoto leo, na hilo nalo si sawa, nimeliona, nitaliacha.

Sitajitetea kwamba nilikuwa nimechoka. Mama wengi wamechoka na hawafuti sauti za watu. Wala sitawaahidi kwamba muvi hiyo ikienda kwenye tamasha na watu wakasimama kumpigia Nafula makofi sitaumia. Nitaumia. Nitakaa hapa Kibomet na sufuria ya uji nikiumia vizuri kabisa. Lakini dakika zile nne zitakuwepo.

Tabi anajigeuza geuza kitandani. Nina muda mfupi. Haya ndiyo ninayohitaji mnitumie, na namba ni ile ile iliyokuwa kwenye karatasi ya mlangoni:

Sauti ya yule mama mzee wa Sirisia, iliyorekodiwa na mjukuu wake. Inaanza na jogoo. Hiyo kwanza, kabla ya zote. Mjukuu, kama uliifuta, tafadhali mrekodi tena, na asibadilishe neno kunipendeza.

Sauti ya fundi viatu wa Bungoma aliyesema alitaka kusimama amwondolee mjane lile karai la maji.

Ya msichana aliyezungumza mwenzake akicheka kando, naye akisema, "Wacha, mimi nililia ukweli."

Ya yule aliyesema tu, "Kile kikombe," akanyamaza, akakata. Sekunde sita hivi. Usione ni fupi. Itume.

Nyingine tano ambazo siwezi kuzieleza kwa sababu nilizisikiliza haraka kwa ubaya. Ukijua ulitaja kikombe, wewe ni mmoja wao.

Na wale wawili wasiokipenda, nanyi pia, sauti zenu, ili Barasa asikie kila upande na si upande ninaoutaka mimi.

Kutoka kwa Barasa: kipande chenyewe. Sijakiona mpaka leo.

Kutoka kwa Nafula: chochote. Hata matusi. Hata picha ya kitu kingine kisichohusu, kitambaa kipya kilichofika dukani, nijue tu kwamba bado namba yangu iko kwa simu yako.